Kizazi Namba Kumi na Moja

Maabara nzima ilimwita Bi Darubini, na jina alilipenda. Jambo lisiloonekana kwenye darubini yake hakulihesabu. Ndivyo alivyomhukumu wifi yake, mke wa kaka yake. Miaka tisa iliyopita wifi alilalamikia maumivu ya tumbo, picha ikarudi safi, naye akamwambia kaka yake mbele ya wote, "Huyu anadeka tu, asikuumize kichwa." Kaka akaamini, maana dada ni mtu wa hospitali. Tangu hapo wifi akawa anaugulia bafuni, bomba kalifungua ili asisikike.

Mwezi uliopita wifi aliondolewa kizazi. Bi Darubini hakwenda kumwona. Alisema kazi zimembana.

Na kweli zilimbana. Daktari wa wanawake alimletea vipande vya vizazi ishirini vya wagonjwa wa adenomiosisi, ugonjwa ambao utando wa ndani wa kizazi hujipenyeza kwenye msuli wake. Alitaka kujua kama walioumia zaidi wana nyuzi nyingi zaidi za neva. Majina aliyaficha, akaacha namba tu. Bi Darubini alivitia vipande dawa ya kugeuza neva kuwa kahawia, akaketi kuhesabu.

Vingi vilikuwa na nyuzi chache, moja hapa, mbili kule. Namba kumi na moja ilimtoa jasho. Nyuzi zilikuwa zimesongamana kama mizizi ya ua lililozidi kopo lake. Alihesabu mara tatu, asije akaumbuka.

"Daktari, mwenye kizazi hiki alikuwa anatembeaje?" aliuliza. Huruma ilimshika kwelikweli.

"Neva si jibu la kila kitu," daktari alisema. "Wapo wenye chache na wanaumia vilevile. Ila huyo, tulipomwambia ayape maumivu yake alama, alitoa kumi juu ya kumi." Akamsogezea daftari la majina, kwa kuwa hesabu ilikuwa imekwisha.

Bi Darubini alishusha kidole mpaka namba kumi na moja. Lilikuwa jina la wifi yake. Aliona aibu hata akashindwa kuinua uso.

Jioni hiyo alitoka kazini moja kwa moja hadi nyumbani kwa kaka yake. Wifi alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, kaka anakunja nguo. Bi Darubini hata kukaa hakukaa.

"Kaka, siku ile nilikudanganya. Mkeo alikuwa anaumwa kweli. Neva zake nimeziona leo kwa macho yangu, nimezihesabu mara tatu."

Kaka aliweka shati chini. Bi Darubini akamgeukia wifi na kungoja neno la msamaha, kwa kuwa moyoni aliona amefanya jambo kubwa.

"Miaka tisa nakwambia kwa mdomo wangu, wifi," mgonjwa alisema, wala sauti hakupandisha. "Kumbe mpaka nikatwe vipande ndiyo uniamini."