Barafu Nyuma ya Pazia

Chuoni walimwita Barafu. Jina hilo alilipata siku darasa zima lilipolia naye akachonga penseli.

Ilikuwa hivi. Mhadhiri wao wa fasihi, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha wafu, alifundisha somo lililokusanya vitu vitatu katika kapu moja: riwaya, Maandiko na mchezo wa jukwaani. Kwa kila kimoja mwanafunzi alitakiwa aandike kile ambacho yeye alikiita mwitiko. "Muhtasari hata jirani yako anaweza kukupa," alikuwa akiwaambia. "Uchambuzi nitafanya mwenyewe, ndiyo kazi ninayolipwa. Nataka kujua hicho ulichosoma kimekufanya nini wewe." Neno lenyewe alilirudia sana, na wanafunzi nao hawana dogo. Haukupita mwezi wakambatiza Mama Mwitiko.

Walianza na riwaya. Kulikuwa na sura ambamo mjane anaendelea kumpakulia chakula mwanawe aliyekwisha kufa, kisha anakila yeye ili jirani asione sahani imebaki. Mama Mwitiko aliisoma kwa sauti, polepole, bila huruma. Wasichana wa mstari wa nyuma walianza kupenga kamasi. Kijana mmoja mrefu waliyemwita Kasuku kwa kejeli, kwa sababu hakuwahi kukumbuka jambo hata moja la kukariri, alilia kwa kwikwi mpaka akaombwa atoke nje akanawe uso. Katika ukimya uliofuata ndipo ikasikika kwaru-kwaru ya kichongeo. Barafu alikuwa anachonga penseli, maana ilikuwa butu.

Mwitiko wake ulieleza kwamba mwandishi ameiweka sura ya msiba mara tu baada ya sura ya harusi ili msomaji aanguke kutoka juu. Alionyesha na mahali ambapo sentensi zinaanza kufupishwa. Ulikuwa mwitiko bora kuliko yote darasani, na ulirudi na wino mwekundu: "Huu ni upasuaji wa maiti. Wewe uko wapi?"

Barafu alisoma maneno yale, akakunja karatasi, akaenda kula. Msidhani hakuwa na moyo. Alikuwa nao, ila aliuzoesha tangu utotoni kukaa mbali kidogo, kama mgeni anayengoja kuambiwa karibu.

Wazazi wake walikuwa na mabinti wawili, dada mkubwa na yeye. Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa mkunga. Alizalisha nusu ya mtaa wao, na mwenyewe hakujaliwa hata mmoja wa kumwita mama. Basi ndugu wakakaa wakakubaliana kwamba mmoja wa wale mabinti akalelewe kwa shangazi, awe wake. Aliyekwenda ni Barafu, akiwa mtoto wa miaka sita. Hakuteswa huko, hilo lisemwe wazi. Alilala kitanda chenye shuka safi, alinunuliwa viatu kabla vya zamani havijambana, na alipougua shangazi alikesha naye kwenye kiti mpaka kukakucha. Mtu aliyetendewa mabaya ana la kusema. Aliyetendewa mema hana, akifungua kinywa ataitwa mtovu wa shukrani.

Na yeye alikuwa na swali, moja tu. Tulikuwa wawili, kwa nini nikatolewa mimi? Kumwuliza shangazi ingekuwa kumtia kisu. Mama aliulizwa mara moja, wakati wa likizo, akakumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua. Baba alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache ambaye hata mezani alikaa na jicho moja limefinywa, kwa mazoea ya ile lenzi yake. Baba yule alimpenda, alimletea zawadi, alimwuliza habari za masomo. Lakini kila Barafu alipotaka kufungua mdomo, aliishia kuuliza habari za saa zilizo mezani. Akawa anarudi kwa shangazi na swali lake vilevile.

Baada ya riwaya yakaja Maandiko. Walisoma habari ya mzee aliyeamriwa kumtoa mwanawe sadaka, wakamwacha punda chini, wakapanda mlimani pamoja, kijana kabeba kuni na baba kabeba moto na kisu. Darasa lilichangamka. Mmoja alisema imani ni kitu kikubwa. Mwingine akasema angekuwa yeye angejificha. Kasuku alilia tena. Barafu aliandika mwitiko mfupi safari hii: "Waliopanda walikuwa wawili. Aliyejua wanakokwenda ni mmoja. Mama wa kijana hakuulizwa. Waliporudi hakuna anayetuambia kijana alisema nini, wala kama alisema."

Mama Mwitiko aliusoma mbele ya wote, akavua miwani.

"Na wewe, binti, ungekuwa nani katika habari hii?"

"Punda," alisema Barafu. "Alibeba mzigo, akafungwa chini ya mlima, akasubiri."

Darasa likaangua kicheko. Mama Mwitiko hakucheka.

"Vizuri," alisema. "Kwa kuwa huguswi na kitu, nimepata wa kukaa nyuma ya pazia."

Alikuwa na maana yake. Kitu cha tatu katika kapu kilikuwa mchezo, na mchezo aliuandika yeye mwenyewe juu ya habari ileile, ila kwa watu wa leo: baba wa shati na suruali, mama jikoni, kijana na mzigo wake wa kuni. Ungeonyeshwa ukumbini, familia zikialikwa. Kila mchezo wa wanafunzi unahitaji mnong'onezaji, mtu wa kukaa ubavuni mwa jukwaa na maandishi mapajani na tochi ndogo mkononi, ili mchezaji akikwama amtupie mstari. Na kazi hiyo haitaki mtu wa kulia. Akilia haoni karatasi.

Kasuku ndiye aliyepewa nafasi ya mwana. Mtu angedhani ni mzaha, lakini alikuwa na sura ya kutolewa sadaka, na Mama Mwitiko alisema sura haifundishwi, mistari itanong'onwa. Wiki za mazoezi zikawa za kumfundisha jambo moja: ukisikia sauti ya Barafu, sema. Usifikiri, usigeuke, usijiulize kama ndiyo au siyo. Ukifikiri umekwama, na ukikwama umetuua sote. Kasuku alishika somo hilo kuliko yote aliyowahi kufundishwa. Ilifika mahali Barafu akimnong'oneza Kiongozi, ndivyo walivyomwita mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyecheza baba, Kasuku naye anasema.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Barafu alichungulia kwenye upenyo wa pazia akamwona shangazi, kajitanda nguo yake ya heshima, na pembeni yake, mstari wa pili upande uleule wa jukwaa aliokaa Barafu, baba. Mama alibaki nyumbani kumwangalia mjukuu, mtoto wa dada. Barafu aliwatazama kama anavyotazama mtu picha ya ukutani, akarudi kwenye kiti chake, akawasha tochi.

Mchezo ulikwenda salama. Kasuku alikwama mara kadhaa, akanong'onezewa, akasema. Mama wa jikoni alijifanya ameungua mkono, watu wakacheka mahali ambapo hapakuandikwa kucheka. Walipanda mlima, ambao ulikuwa meza mbili na shuka ya kijivu. Kisu kiliinuliwa. Sauti ikasikika kutoka juu, kisu kikashushwa, na bibi mmoja ukumbini akasema kwa nguvu, "Afadhali!"

Sasa ikaja sehemu ya kushuka. Hapa Mama Mwitiko aliandika kwamba baba na mwana wanateremka kimya, kisha mwana anasema: "Baba, tumeokoka. Twende tukamwambie mama." Kiongozi akatangulia. Kasuku akafuata na kuni zake, akafika kati ya jukwaa, akasimama. Macho yakamtoka. Amekwama.

Barafu alikuwa na mstari mbele yake, tochi imeumulika, kila neno linasomeka. Alifungua mdomo autoe.

"Baba," alisema, "tulikuwa wawili. Kwa nini mimi?"

Wala hakunong'ona. Sauti ilitoka kavu, ya kawaida, na aliisikia kama ya mtu mwingine. Alitaka kuirudisha, lakini Kasuku, mwanafunzi mtiifu, alikuwa amekwisha kugeuka kumkabili baba yake wa jukwaani.

"Baba! Tulikuwa wawili. Kwa nini mimi?"

Kiongozi aliduwaa. Katika mchezo ule mwana alikuwa wa pekee, hakukuwa na wawili, na hakukuwa na jibu. Alikohoa. Aliangalia ubavuni kuomba mstari. Barafu alimwangalia tu, maana jibu hilo hata yeye alikuwa analisubiri, tena kwa miaka. Mwishowe Kiongozi akaweka kisu chini, akampokea Kasuku mzigo wa kuni, akaubeba mwenyewe, akatoka. Kasuku akamfuata. Pazia likafungwa, na watu wakapiga makofi mpaka wakasimama.

Nyuma ya jukwaa Mama Mwitiko aliingia kama mvua ya mawe. "Nani kaandika mstari ule?"

"Mimi nasema ninachoambiwa," alijitetea Kasuku. "Si ndivyo ulivyonifunza?"

Mama Mwitiko alimgeukia Barafu, akafungua kinywa, na hapo wazazi wawili wa mwanafunzi mwingine wakaingia kumpongeza. Wakasema mchezo mzima ulikuwa mzuri, lakini lile swali la mwisho, mwalimu, lile swali umetuua. Mama Mwitiko alimeza mate. "Asanteni," alisema. "Lilinichukua muda kulipata."

Barafu akachomoka kwa mlango wa nyuma.

Uani kulikuwa na ngazi ya saruji, viti vya plastiki vilivyovunjika na debe la rangi. Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi, kofia mapajani, kama aliyejua kwamba atatokea hapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akasogea kumpa nafasi. Wakakaa. Baba alizungusha kofia, akaitazama kwa ndani, na jicho lake moja lilikuwa limefinywa.

"Nimekusikia kabla ya yule kijana," alisema.

Moyo wa Barafu, ule mgeni, ulikuwa umeingia ndani bila kubisha hodi na sasa unapiga makelele. Aliogopa, na alitaka asikie.

"Alianza dada yako," alisema baba. "Hilo hulijui. Tulimpeleka yeye kwanza, maana ndiye mkubwa, ana akili ya kumsaidia shangazi. Alilia. Nikarudi nyumbani nimemwacha analia, na kesho yake nikaambiwa bado analia, hali, hanywi. Shangazi yako akaniambia mwache, atazoea, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikuweza. Nikaenda nikamrudisha."

"Halafu?"

"Halafu tukakupeleka wewe." Alitafuta neno kama anayetafuta parafujo iliyoanguka sakafuni. "Wewe hukulia, mama. Ulikaa pale kitini kwa shangazi yako, umenyoosha miguu, ukanipungia mkono. Nikamwambia mama yako, huyu wa pili ana moyo mgumu, huyu ataweza. Miaka yote nimejifariji hivyo. Kwamba tulimtoa ambaye hataumia."

Ndani ya ukumbi walikuwa wanaburuta viti. Barafu alijiona pale kitini, miguu haifiki chini, na kila kitu kilikuwa wazi kabisa, kama karatasi chini ya tochi.

"Dada alipoondoka," alisema, "niliambiwa amekwenda kusalimia. Akakaa kidogo, akarudi. Ilipofika zamu yangu nikaambiwa nakwenda kusalimia. Kwa hiyo nikajua nitarudi. Mtu halii kwa kwenda kusalimia, baba. Nilikuwa nakusubiri."

Baba aligeuka, macho yote mawili yamefunguka.

"Nani alikuambia unakwenda kusalimia?"

"Wewe."

Mdomo wa baba ukaanza kucheza, akauziba kwa kofia, na mabega yakatikisika. Hakuwa mtu wa kulia, na hakujua kulia vizuri. Alitoa sauti ya kukwaruza, ya mtu anayejaribu kuzuia kikohozi mbele za watu. Wanafunzi wawili walitokea mlangoni na meza, wakaona, wakarudi nayo ndani kinyumenyume.

Barafu alijua kinachotakiwa. Binti mwema humshika baba yake mkono, humwambia basi, yamepita, nilikula nikashiba, nililelewa vizuri. Yote hayo yalikuwa kweli, na siku nyingine angeyasema. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu yeye ameondoka, hata mmoja, na alikuwa akimhitaji mtu huyo tangu akiwa na miaka sita.

Akaegemea ukuta, akamwacha baba yake alie.