Prosesa ya Pili

Wewe umeshawahi kuuona mstari wa kijani unaoomba njia? Mimi nimeuona, kwenye kioo cha kipimo, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya binti yangu. Yeye na mume wake hutengeneza bodi za kuendeshea mitambo ya viwandani. Mimi hukaa mlangoni na beseni langu la viazi, namenya, naangalia.

Bodi ya safari hii ilikuwa na prosesa mbili, zile chipu zinazofikiri. Wao walizoea moja, lakini tanuri la mteja lilikuwa kubwa. Na mmoja wao alitakiwa kwenda nayo kiwandani kuifunga, akae huko mwezi mzima. Mkwe wangu alishashusha begi kutoka juu ya kabati. Hakuna aliyeuliza nani anakwenda. Binti yangu alilifuta vumbi lile begi, akalifuta tena, na mimi niliyemzaa nikajua kuna neno hajalisema.

Sasa, prosesa zote mbili hupita njia moja kuifikia kumbukumbu, na katikati imekaa chipu wanayoiita daraja. Hiyo ndiyo inayogawa zamu. Lakini daraja halizaliwi na akili. Kila likiwashwa husomeshwa mipangilio, prosesa ziko ngapi na nani apite vipi. Asubuhi ile likasomeshwa, taa ya prosesa ya kwanza ikawaka. Ya pili, kimya.

"Imekufa hii," mkwe wangu alisema. "Wametuuzia makapi."

"Haijafa, baba watoto. Njoo uone." Binti yangu aligusisha ncha ya kipimo kwenye kijimguu kimoja cha chipu, kisha kingine. "Huu ni mstari wa kuomba njia, uko juu. Huu wa kuruhusu haujatikisika hata kidogo. Inaomba, daraja haliisikii. Umelisomesha mipangilio gani?"

Mkwe wangu akajikuna shingo. "Ile ile yetu. Haijawahi kutuangusha."

"Ile inasema prosesa ni moja."

"Lo!" Akacheka mwenyewe. "Mama, umesikia? Nimemnyima mtu kiti, halafu nauliza mbona amesimama."

"Nimesikia, mwanangu," nikamjibu. "Leo sahani nitapanga mimi, usije ukamsahau mtu."

Akabadilisha, akaandika mbili. Taa zote zikawaka. Alipiga meza kofi la furaha, akaanza kutafuta utepe wa gundi afunge boksi. Binti yangu hakuinuka. Alichukua kijiti cha kupimia joto kilichounganishwa na bodi, akakipasha, akazitazama prosesa zinavyosoma. Ya kwanza ikasema sabini. Ya pili ikashikilia arobaini.

"Mbona hazielewani?" mkwe wangu akauliza, gundi mkononi.

"Kila prosesa ina kijisehemu chake cha kuwekea nakala, isihangaike kwenda kumbukumbu kila saa. Joto jipya limepita darajani, limeandikwa kwenye kumbukumbu, lakini daraja halikutangaza. Ya pili bado inasoma nakala yake ya zamani. Kuna mpangilio wa kutangaza, nao umeuacha umezimwa."

"Kwa hiyo kule kiwandani..."

"Moja ingepunguza moto, nyingine ingeuongeza."

Mkwe wangu akaketi. "Si ungeniambia tangu jana?"

"Jana ulikuwa unaongea."

Mkwe wangu akauwasha ule mpangilio, akakipasha kijiti tena. Sabini na mbili, sabini na mbili. Akakipoza: zote zikashuka pamoja. Nikamaliza kiazi nilichokuwa nacho, maana nilikuwa nimekisahau mkononi.

"Basi vizuri," mkwe wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Niwekee hiyo mipangilio mipya niende nayo. Nikikwama kule nitakupigia simu, utanielekeza."

Binti yangu aliuzungusha waya wa kipimo kwenye vidole mpaka ukaisha.

"Usinipigie," akasema. "Nataka kwenda mimi. Nimetaka tangu siku ile ya kwanza mteja alipokuja, ila sikupata pa kusemea."