Mama Mkubwa wa Nakonde

Atupele hakuipenda semina ile tangu asubuhi. Bosi wake katika kampuni ya kutoa mizigo mpakani ndiye aliyemlazimisha: wakuu wa vitengo wote waende ukumbini wakanolewe na Kocha Gibson. Kocha, eti. Juzi tu Gibson huyo alikuwa prodyuza, anazunguka Mbozi na kamera, anatengeneza filamu za kuliza watu. Soko lilipomfia akavaa suti, akaandika kitabu, na sasa mabosi wazima wa Tunduma walikuwa wanapanga foleni awasainie nakala zao.

Hata hivyo alikuwa mtu wa nyumbani. Alisoma na Boazi, kaka yake Atupele, na Boazi alipofariki ndiye aliyejitolea kurekodi mazishi kule Isansa ili familia ibaki na kumbukumbu. Baadaye alisema picha zote zimeharibika. Wakamwamini, wakamshukuru kwa moyo wake.

"Sura ya nne," Gibson alisema, kwa sauti laini ya mtu anayejisikiliza. "Kiongozi hasubiri bajeti. Filamu yangu ilihitaji mazishi yenye umati, na mfuko ulikuwa mtupu. Nikafiwa na rafiki."

Watu wakacheka. Ukutani ikawaka filamu.

Atupele aliiona mibuni ya baba yake, na kaburi kando yake. Alimwona mama akiitwa kuweka udongo, akaanguka kabla hajainama, akabebwa na wanawake. Kisha mwanamke mrefu mwenye kitenge cha bluu akajitokeza, analia, akachota udongo akauweka yeye.

Wote nyumbani walimwita Mama Mkubwa wa Nakonde. Siku ile hakuna aliyemfahamu, lakini nani angemhoji mtu anayelia vile? Nusu ya ndugu wanaishi ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia. Wanakuja msibani na kurudi. Wa upande wa baba walidhani ni wa upande wa mama, wa upande wa mama wakadhani ni wa baba. Mama alipozinduka akaambiwa, dada yako wa Nakonde amekusimamia. Neno hilo ndilo lililomrudisha kula. Mpaka leo anamwombea yule mwanamke kila Jumapili, na hakuna anayevuka mpaka asipewe salamu zake.

"Huyo ni mwigizaji wangu," Gibson alisema kwa furaha. "Ndugu wenyewe wakampisha."

Atupele akasimama.

"Kaka Gibson, huyo anayebebwa ni mama yangu."

Gibson akakumbuka kazi yake mpya. Kitabu chake kilisema kocha hajibu, kocha anauliza.

"Asante kwa ujasiri, dada Atupele. Hasira hiyo unaisikia wapi mwilini?"

"Usiniulize kitu. Huyo mwanamke anaitwa nani?"

"Kwa nini jina lina uzito kwako?"

"Kwa sababu mama anamwombea."

Gibson alitazama viatu vyake. "Nilimpata sokoni, kwa siku ile tu. Jina silikumbuki."

Atupele alipanda jukwaani, akampigia mama yake, akaisogeza simu kwenye kipaza sauti.

"Mama, niko na Gibson, yule rafiki wa Boazi. Ana neno kuhusu Mama Mkubwa wa Nakonde."

"Amemwona?" Sauti ya mama ikajaa ukumbi mzima. "Gibson mwanangu, Mungu akubariki. Mwambie aje kabla sijafa, nimshike mkono. Yuko hapo? Nipe niongee naye."

Gibson alifungua mdomo. Atupele alimwona akitafuta swali. Akamtazama, akafikiria mama peke yake jikoni, simu sikioni, akaivuta simu kwake.

"Hajamwona, Mama. Amesikia tu kwamba ni mzima, anakusalimia."

"Sifa kwa Mungu," mama alisema.

Atupele alikata simu. Gibson alikuwa amepata mwigizaji mwingine, yeye Atupele, tena wa bure.