Ujumbe Ambao Shangazi Hakuuandika

Shangazi alikuwa amemshika Kidoti kidevu, anamfuta mdomo kwa ncha ya aproni, ndipo alipoiwasha simu ampige ile picha ya mchana anayomtumia mama wa mtoto kila siku. Picha hakuipiga. Kwenye kioo kilichopasuka palikuwa na ujumbe uliotoka kwake mwenyewe dakika kumi zilizopita, na dakika kumi zilizopita yeye alikuwa anaosha sahani za watoto saba anaowalea mchana.

"Mama Kidoti, mtoto amechemka homa. Nampeleka zahanati ya nyuma ya kituo cha mabasi. Nikute mlango wa nyuma. Usipige, simu inaishiwa chaji."

Chini yake palikuwa na jibu: "Nakuja, Shangazi. Nimeshatoka kazini."

Kidoti mwenyewe, miaka mitatu, hana homa wala mafua, alikuwa anadai arudishiwe kijiko chake. Shangazi akadhani uzee umeanza kumchezea akili. Lakini huku bado anatazama, ujumbe mwingine ukajitokeza upande wake, kama vile kidole chake ndicho kilichobonyeza: "Umefika wapi, mwanangu?"

Mwanangu ndivyo anavyomwita yule binti, ingawa hawana udugu wa damu. Anayeandika amekuwa akisoma.

Na mtu huyo angekuwa nani kama si baba Kidoti? Miezi mitano alikuwa anamsaka mkewe, tangu binti wa watu alipoondoka na mtoto mgongoni na mkono kwenye plasta. Chumba alichopanga mkewe hakukijua. Kwa Shangazi nako hakukujua, maana mlezi huyu alikuwa amehama. Alichobaki nacho ni namba ya Shangazi tu, ya tangu enzi za ndoa.

Namba ilitosha. Wiki tatu nyuma simu ilionya kwamba programu ya ujumbe itagoma karibuni kwenye simu kuukuu kama ile. Fundi simu alikuwa ameshamwambia, si mara moja: hii wenyewe walioitengeneza wameitelekeza, haisasishwi tena, matundu yake hayazibwi, mwizi anaingia bila hodi. Shangazi akamcheka. Simu inaita, inaitika, inapiga picha. Akamuuliza fundi kama na mke humtupa kila akiona mpya. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku chache baadaye namba ngeni ikamtumia kiungo: pakua hapa toleo la simu za zamani. Akabonyeza, akakubali kila alichoulizwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, akashinda akijisifu kwamba amemkomesha fundi.

Sasa aliandika haraka: usiende, si mimi. Maneno yakakaa kidogo, yakatoweka, na mahali pake pakatokea kwamba ujumbe umefutwa. Akarudia, ukafutwa. Akapiga, simu ikaita mara moja ikajikata.

Akaandika namba ya binti kiganjani, akakimbilia kwa msusi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Akampigia binti kwa simu ya msusi, ikaita mpaka ikachoka. Shangazi alijua kwa nini, na ikamuuma. Yeye ndiye aliyemfundisha yule binti: namba usiyoijua usipokee, ujumbe wake usiuamini, mumeo ana laini nyingi. Na binti ni msikivu.

"Nishikie hawa watoto," alimwambia msusi. "Geti usimfungulie mtu, hata akisema nimemtuma mimi. Hasa akisema hivyo."

Akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, na aproni yake vilevile. Njia nzima alikuwa anamhimiza dereva na kujitukana kwa zamu. Aliogopa sana. Alijua huyo mwanamume akimpata mkewe peke yake, safari hii hautavunjika mkono tu.

Nyuma ya zahanati palikuwa na uchochoro wenye mapipa ya taka na mlango mmoja wa bati. Mwanamume alikuwa amesimama kando ya mlango, simu mkononi, amenyoa vizuri. Upande wa pili Mama Kidoti alikuwa anaingia mbiombio, macho chini, mkoba umemning'inia kiwikoni. Shangazi alipima kwa macho. Hakuwa na mbio za kumwahi.

Akauendea mlango, akaupiga kwa viganja vyote viwili, akaupiga tena, akipaza ile sauti inayosimamisha watoto saba kwa pamoja: fungueni, mtu anauawa huku. Mama Kidoti akaganda. Bati likafunguka, akatoka muuguzi, nyuma yake mfagiaji na ufagio wake, kisha wagonjwa wenye nguvu za kutaka kuona.

"Mtoto mzima," Shangazi alimwambia binti, akimshika mkono. "Yuko nyumbani, anakula. Si mimi niliyekuita."

Mwanamume aliwatazama watu, akawahesabu, akaona hapamfai. Akaitia simu mfukoni taratibu, akampita Shangazi karibu kabisa.

"Ahsante kwa picha za kila siku, Shangazi," alisema kwa upole. "Mwanangu amenenepa."

Kurudi walizunguka mitaa mitatu isiyo yao, Mama Kidoti akitazama nyuma kila kona. Nyumbani alikusanya vinguo vya mtoto, viatu, na shuka aliloliacha wiki iliyopita. Shangazi alimfungia mkoba, akamfunga Kidoti mgongoni mwa mama yake, akakaza fundo mara mbili.

"Nikifika nitakutafuta," Mama Kidoti alisema getini. "Nitakwambia tuko wapi."

"Usiniambie."

"Shangazi..."

"Usiniambie, mwanangu. Nisichokijua hakuna wa kuniibia."

Kidoti alikuwa anamtazama kutoka mgongoni, anangoja apungiwe kama jioni zote. Shangazi akampungia. Kisha, kabla hawajaifikia kona, akalifunga geti, asije akaona wamekata kushoto au kulia.