Blogu ya Baba Mkwe

Tatizo la Scholastica halikuwa mtandao, wala umeme, wala wageni. Tatizo lilikuwa Mzee Lazaro, na Mzee Lazaro ni baba mkwe wake, na baba mkwe haambiwi kwamba amekosea. Ukisikia mtihani, ndio huo.

Gesti ilikuwa ya Mzee, vyumba sita pale Mikumi, mtaa wa nyuma ya barabara kuu, lakini mwendeshaji alikuwa Scholastica. Yeye ndiye aliyefua mashuka, aliyechemsha chai, aliyewapokea wageni wa mbugani na vumbi lao. Wageni walipoanza kupungua, Mzee akatoa kauli kupitia kwa mwanawe Godfrey, mume wa Scholastica: kama hadi sikukuu ya Nane Nane vyumba vitakuwa havijai, gesti anaikodisha kwa Nassir, mfanyabiashara wa mahindi, aifanye ghala. Scholastica atarudi kulima kijijini Msowero. Yaani mtu amehangaika na nyumba hiyo tangu ikiwa haina hata mapazia, leo anaambiwa arudi kwenye jembe, tena anaambiwa na mumewe, si na mwenye kauli. Siku hiyo alilia, akanawa uso, akaenda kutandika vitanda.

Tovuti walikuwa nayo. Aliitengeneza Deogratias, fundi wa kompyuta wa Morogoro, na ilikuwa imelala tu: picha ya geti, bei, namba ya simu ya Mzee. Sasa nani atarudi kuangalia geti mara ya pili? Scholastica akampigia fundi amwongezee blogu, naye akamweleza taratibu inavyofanya kazi. Unaandika mwenyewe kila unapopata jambo la kusema. Makala mpya inakaa juu, ya zamani inasogea chini, lakini haiondoki. Kila makala ina anwani yake, na mtu akitafuta jambo hilo mtandaoni, hata mwaka ujao, anaikuta palepale. Kwa hiyo zile za zamani ndizo zinazofanya kazi wewe ukiwa umelala. Deogratias akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kwenye menyu ya tovuti likaongezeka neno Blogu, na kazi ikaisha.

Makala ya kwanza Scholastica aliandika jambo aliloulizwa kila uchao: mtu akishuka na treni ya umeme Kilosa, anafikaje Mikumi? Akaeleza yote. Basi dogo linapakilia wapi, njia ya Zombo inakuwaje mvua ikinyesha, mama gani anauza chapati za kubeba njiani. Mwisho akaweka namba yake mwenyewe. Haukupita muda simu zikaanza kuita. Ikaja familia kutoka Dar, wakaja walimu kutoka Dodoma, na wote wanasema wamesoma ile makala ya treni. Jamani, alitembea kifua mbele! Hata sokoni aliacha kubishania bei ya nyanya.

Akaandika ya pili, kuhusu tembo wanaoonekana kando ya barabara asubuhi. Simu zikanyamaza. Alipofungua tovuti, makala ya treni haipo. Akadhani amebonyeza vibaya, akaiandika upya kutoka kichwani, ikakaa vizuri. Alipoweka nyingine, ya treni ikapotea tena. Akampigia Deogratias akiwa amefura, karibu amtukane. Fundi akaangalia, kisha akasema kwamba wenye neno la siri ni wawili tu, yeye Scholastica na mwenye nyumba.

"Anayefuta ni Mzee," akasema. "Na anafuta mpaka kwenye pipa la taka, dada. Hakuna cha kurudisha."

Godfrey ndiye aliyemweleza mkewe sababu. Mzee Lazaro alikuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi, na katika utumishi wake wote kitu kilichomtia aibu kilikuwa kimoja. Tangazo la mkutano lilisahaulika ubaoni baada ya mkutano wenyewe kupita, na wazee wakatembea kwa miguu kutoka mashamba ya mbali huko Tindiga, wakakuta ofisi imefungwa. Walimpa maneno ambayo hajayasahau hadi leo. Tangu hapo, jipya likibandikwa, la zamani linabanduliwa. Na kwa Mzee, blogu ni ubao. Kila Scholastica alipoandika, Mzee alivaa miwani, akasoma neno kwa neno, akaridhika, akabandua la jana. Alidhani anamsaidia. Hapo ndipo pa kukutia wazimu, kwamba mtu anakumaliza huku anakusaidia.

Utasema, si amwambie? Amwambie nani? Tangu aolewe, Scholastica humwamkia Mzee kwa kupiga goti, humtengea chakula akaondoka, na neno lolote zito hulipitisha kwa mtu. Mtu mwenyewe ndiye Godfrey. Na Godfrey, bwana, anapandisha lori mlima Kitonga bila kupepesa macho, lakini mbele ya baba yake ni kama kuku aliyenyeshewa. Alikwenda, akaongea habari za mvua, akaongea habari za bei ya dizeli, akaishia kusema kwamba Scholastica anamshukuru sana Baba kwa kuitunza tovuti. Mzee akafurahi mno. Wiki hiyohiyo akafuta na picha za makala.

Scholastica alitaka kubadilisha neno la siri, lakini namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu ya Mzee. Akamwomba Deogratias amnyime Mzee ruhusa ya kufuta. Deogratias akakataa, tovuti ni mali ya Mzee na yeye hataki kesi. Na makala moja peke yake haiwezi kujaza vyumba sita, basi akawa anaandika, inafutwa, anaandika, inafutwa. Akaandika makala ya treni mpaka akawa anaijua kama sala, na kila mara ina anwani mpya ambayo hakuna aliyeizoea mtandaoni. Vidole vilimuuma, na roho nayo ilimuuma zaidi. Mara nyingine alitamani tu kuirusha simu barabarani ikanyagwe na malori ya Zambia.

Nane Nane ikafika. Mzee alishapeana mkono na Nassir mbele ya mjumbe, na Mzee Lazaro akishapeana mkono harudi nyuma. Lori likarudi kinyumenyume hadi mlangoni, vitanda vikaegemezwa ukutani, wapagazi wakaanza kuingiza magunia chumba cha kwanza. Scholastica alikuwa anatoa godoro la mwisho simu ya Mzee ilipoita. Masikio ya Mzee ni mazito, akaiweka sauti ya nje, wote wakasikia.

Alikuwa mama mmoja wa Dar, akajitambulisha kwa jina la Hildegarda, wa kwaya ya kanisa. Akaamkia, Mzee akaitikia marahaba. Akasema aliwahi kusoma makala yao ya kutoka Kilosa na treni, kwaya nzima ikapanga safari kwa makala ile, sasa kila akiitafuta haipo, mpaka ameokota namba hii ukurasa wa mbele. Wanataka vyumba vyote. Na kwaya jirani nao walitaka kuja, lakini walipoikosa wakaenda kwingine.

"Hiyo ni ya zamani, mama," Mzee akasema kwa upole. "Muda wake umepita."

"Umepitaje, mzee? Treni imeacha kwenda Kilosa?"

Mzee akasema atampigia, akakata. Akasimama na ile simu mkononi, akaitazama, kisha akamtazama Scholastica, pengine kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba yake. Godfrey alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kwa nini hukuniambia?" Mzee akauliza.

Scholastica hakupiga goti. Godoro lilikuwa bado mikononi.

"Nilikuambia, Baba. Kila ulipoifuta niliiandika tena. Ningekuambiaje zaidi ya hapo, mimi mkwe?"

Mzee akautazama mkono wake wa kulia, ule aliompa Nassir. Mpagazi akaomba njia, wakasogea wote wawili kumpisha na gunia lake.