Viti Vitupu Kando ya Jeneza

Mke wangu Prudence alikuwa ametulia kuliko mtu yeyote kwenye ukumbi ule wa maonyesho, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Mimi miguu yangu ilikataa kutulia. Nililegeza tai, nikaikaza, nikaenda msalani, nikarudi, nikaenda tena, mpaka mama mmoja wa Kizungu niliyekuwa nikimkanyaga kila nikipita akaikunja miguu yake chini ya kiti na kuiacha huko.

"Papa Ella, kaa chini," Prudence akaninong'oneza. "Batu banakuangalia."

Papa Ella! Zamani nilikuwa Papa Yvan, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama desturi yetu Bukavu. Yvan alipofariki mwaka jana, watu wa kanisani wakaanza kuniita kwa jina la mdogo wake, eti wasinitoneshe kidonda. Prudence naye akawafuata. Sikumwambia mtu yeyote kwamba kila nikiitwa hivyo naona kama wanamzika Yvan mara ya pili.

Ella ni mwimbaji. Tulimlea huku ughaibuni, mtaa wa Crescent Town, tukamtia kwaya ya kanisa tukitumaini atakuwa muuguzi, naye akatuletea nyimbo za Kijerumani. Nilimuuliza kama Kifaransa kimekwisha duniani. Sasa alikuwa amepata nafasi yake ya kwanza kubwa, kwenye opera mpya ya Kijerumani, yaani mchezo unaoimbwa, iliyotengenezwa kutoka kwenye mchezo wa kuigiza, na usiku huo ulikuwa wa onyesho la kwanza.

Hadithi yenyewe alinisimulia jikoni, mama yake akiwa kazini. Msichana amekufa. Mwili uko sebuleni, ndugu wamekaa kuuzunguka wakigombea nyumba, kisha wanatoka mmoja mmoja mpaka marehemu anabaki peke yake. Mchezo wa kuigiza uliishia hapo, kimya kimya. Mtunzi wa opera akaona haitoshi, akampa maiti wimbo. Na maiti ni Ella.

"Utalala ndani ya jeneza? Mzima hivi?"

"It's just wood, Papa. Mbao tu."

"Mama yako asijue," nikamwambia. "Hatavumilia."

Ella akanimiminia chai. "Okay, Papa," akasema.

Nilikuwa na sababu. Yvan, aliyebaki Bukavu tulipohama, alikufa kwa homa wakati mapigano yalipofika mjini. Njia zilifungwa, akalala mochwari bila mtu, na majirani walipopata mwanya wakamzika mbiombio. Kwetu maiti haachwi peke yake. Mtu hukaa kando yake, aimbe, asali, hata asinzie, lakini kile kiti hakibaki kitupu. Mwanangu hakuwa na kiti. Tulipopigiwa simu, Prudence alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi kesho yake nilikwenda kiwandani kuoka mikate ya watu, kwa sababu lazima mmoja asimame imara.

Kwa hiyo nilijipangia. Jeneza likiingia, nitamshika Prudence kitenge chake, kwa nguvu kama itabidi. Akiinuka na kuangua kilio mbele ya Wazungu wale wasiokohoa hata kidogo, ataharibu usiku wa mtoto, na Ella anaweza asiitwe tena popote. Hilo sikulitaka hata kulifikiria, na tangu asubuhi sikufikiria kingine.

Jeneza likaingia. Nikashika kitenge. Prudence akatazama jukwaani, akatoa peremende kwenye mkoba, akaimenya taratibu, akaila.

"Unaona?" nikamnong'oneza.

"Ninaona. Macho niko nayo."

Ndugu wakagombana. Kijerumani sikijui, lakini ugomvi wa urithi naujua kwa lugha zote. Mjomba akachukua kofia yake, akatoka. Binamu akatoka. Kila anayeondoka aliacha kiti kando ya jeneza, na kila kiti kilivyoachwa nami nilizidi kujivutavuta kwenye changu. Mwisho akabaki shangazi. Akafunga dirisha, akazima taa ya mezani, akashika mlango.

"Huyu naye anakwenda wapi?" nikauliza, na nadhani nilisema kwa sauti.

Alikwenda. Muziki ukakoma. Ella alilala pale katika shuka jeupe, kidevu juu, kidevu kilekile cha kaka yake. Nikangoja mmoja wao aone aibu arudi. Hakurudi mtu. Hasira zikanipanda: ukumbi mzima umejaa watu wazima, wamevaa vizuri, wanamwangalia mtoto ameachwa peke yake, na hakuna hata mmoja anayeinuka!

Sikumbuki kuachia kitenge. Nilijikuta kwenye njia ya katikati, natembea, viatu vyangu vya Jumapili vikilia kila hatua. Nikafika kwenye ukuta mfupi unaowakinga wapiga muziki. Mbele hapakuwa na njia. Basi nikavua viatu, nikaketi sakafuni kama tunavyoketi msibani, na kilio nilichokuwa nimekizuia tangu ile simu kikanitoka. Niling'ata mkono wa koti ili kisisikike. Nilimlilia Yvan, naye Ella yuko pale juu yangu akiwa mzima.

Kijana wa ukumbini, mwenye nguo nyeusi, akaja haraka akaniinamia, akaniuliza nina nini. Kabla sijamjibu, Prudence alikuwa ameshafika nyuma yake. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha kazini, kile anachowatulizia wazee anaowatunza:

"Huyu ni baba wa marehemu."

Kijana akatazama jukwaani, akanitazama mimi, kisha akarudi nyuma polepole. Ndipo Ella alipoanza kuimba. Sauti yake haikutetemeka.

"Nimeharibu," nikamwambia Prudence. "Nilikuwa nakuchunga weye, na ni miye nimeharibu."

"Ella alinielezaka zamani, Gervais. Jeneza, viti, yote." Alikuwa akivua viatu vyake na kuvipanga kando ya vyangu. "Alisema, Mama, usijali juu yangu. Unichungie Papa."

Juu yetu mtoto aliendelea kuimba.

"Songea," Prudence akasema. "Songea, Papa Yvan, nami nikae."

Nikamsogezea nafasi, tukakaa na mtoto.