Bomba la Kisima

Nilinunua kiwanja kile cha mjini Onomichi nijenge vyumba vinne vya kupangisha. Kisima kilikuja na kiwanja, kama mama mkwe anavyokuja na mume.

"Tukikifukia, lazima tuache bomba litokeze juu," alisema fundi Kuwabara. "Kisima kipumue."

"Litatokeza katikati ya jiko la chumba cha kwanza! Na anayepumua humo ni nani hasa?"

"Bosi, mimi nafukia tu."

Sikuridhika. Kasisi wa hekalu, aliyekuja kukiaga kisima kwa kukimwagia chumvi na pombe ya mchele, aliniambia ni mungu wa maji. Mchora ramani akasema ni gesi, tena kwa sauti ya chini, kasisi asimsikie. Bibi Tokuno, jirani yangu, alinicheka.

"Wewe nawe! Hata kama hayumo mtu, bomba linakuudhi nini?"

"Linaniharibia jiko, bibi!"

Walipomaliza kufukia, nilipiga magoti nikatega sikio kwenye bomba. Kimya. Niliinuka nikipangusa udongo, nikaona haya kwa kutega sikio.

"Likate," nilimwambia Kuwabara. "Mwaga zege."

Alileta msumeno, akanikabidhi mimi.

"Kata wewe, bosi."

Niliushika msumeno ule mpaka mkono ukaniuma.

Leo jengo lina vyumba vitatu, na ua mdogo wenye bomba. Wapangaji wakiniuliza nani anapumua humo, nawajibu kwamba mimi napangisha tu.